Nilivyohamishia Kazi Yangu Morisi

Mei 2023, Jumatatu

Nimeamua ni Morisi. Muda mrefu sasa nimekuwa nikilinganisha visiwa vinavyompokea mtu anayefanya kazi kwa mtandao na mwenye wateja nchi nyingine, na vingi vilinifungia mlango kabla sijapiga hodi. Barbados ndiyo iliyovuma kuliko vyote tangu ilipoanzisha kibali chake cha miezi 12 mnamo Julai 2020, lakini inataka uwe na kipato cha dola 50,000 kwa mwaka, kisha ulipe ada ya dola 2,000. Mimi natafsiri na kupanga manukuu ya video, yale maneno yanayopita chini ya skrini. Ni kazi ninayoipenda na inanilisha, ila haijafika huko.

Morisi ilianzisha yake, inayoitwa Premium Visa, mwishoni mwa mwaka 2020, wakati korona imefunga viwanja vya ndege na hoteli za ufukweni ziko tupu. Masharti yake naweza kuyatimiza: kipato kisichopungua dola 1,500 kwa mwezi, bima ya safari na afya, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kufikia, na ushahidi kwamba kazi yangu na chanzo cha pesa zangu viko nje ya Morisi. Mwenye watoto wanaomtegemea anatakiwa awe na kipato cha ziada cha dola 500 kwa kila mtoto. Viza ni ya mwaka mmoja, inaweza kuongezwa, na haina ada. Hapo kwenye ada nilirudi kusoma tena, maana siku hizi hata fomu tupu inauzwa.

Kuna sharti moja ninaloliheshimu kuliko mengine: mwenye viza hii haruhusiwi kuingia katika soko la ajira la Morisi. Hufanyi kazi kwa mwajiri wa pale, huuzi huduma kwa mteja wa pale. Wapo watakaoona wamefungwa mikono. Kwangu mimi ni haki kabisa. Kijana wa Morisi aliyesomea kazi kama yangu hapaswi kukuta mgeni amekalia kiti chake kwa sababu tu mgeni huyo kavutiwa na bahari.

Jumatano

Leo ni siku ya karatasi, na karatasi ndiyo viza yenyewe. Mtu mwenye mwajiri mmoja ana nafuu: barua ya kazi, hati za mshahara, taarifa ya benki, basi. Sisi wenye wateja wengi tuna kibarua. Ninao Wajerumani wanaonilipa kwa euro, shirika la Afrika Kusini linalolipa kwa randi, na studio ya Kanada inayolipa kwa dola lakini kwa tarehe zake yenyewe. Kwenye akaunti yangu pesa zote zinaingia zikiwa zimeshabadilishwa na kukatwa makato njiani. Afisa anayesoma taarifa hiyo akiwa ofisini kwake Port Louis, mji mkuu wa Morisi, ataona vijito vidogovidogo, wala hataona mto.

Kwa hiyo nimetengeneza jedwali moja la ukurasa mmoja. Safu ya kwanza mwezi, ya pili mteja, ya tatu namba ya ankara, ya nne kiasi kilichoandikwa kwenye ankara, ya tano kiasi kilichofika benki na tarehe yake. Kila mstari wa jedwali nimeuwekea namba, na namba hiyohiyo nimeiandika pembeni mwa taarifa ya benki, pale pesa hiyo ilipoingia. Chini nimejumlisha kwa mwezi na kuweka thamani yake kwa dola. Mtu akitaka kuhakiki, kidole kimoja kwenye jedwali na kingine kwenye taarifa, anamaliza kwa dakika chache.

Barua za wateja nimeziomba kwa maelekezo kamili: nafanya kazi gani, tangu lini, wananilipa wastani gani kwa mwezi, na kwamba kazi inatumwa na kupokelewa kwa mtandao popote nilipo. Ya kwanza iliyorudi ilinisifu sana kwa bidii na kushika muda, bila tarakimu hata moja. Nimeshukuru na kuomba nyingine. Sifa hazihesabiki.

Halafu kuna hili la majina, ambalo kwetu ni la kila siku. Pasipoti yangu ina majina matatu, benki inanijua kwa mawili, na Wajerumani wameniandika kwa jina la babu kwanza. Kwa mtu anayetujua hakuna tatizo. Kwa afisa wa nchi nyingine hao ni watu watatu. Benki wamenipa barua yenye mhuri inayosema mwenye akaunti hii ndiye mwenye pasipoti namba fulani, na Wajerumani wamekubali kurekebisha. Yeyote anayefikiria njia hii aanze na majina kabla ya kitu kingine chochote.

Ijumaa

Bima. Nyingi zinazouzwa kama bima ya safari zimetengenezwa kwa mtalii wa wiki mbili, na zikijitahidi sana zinaishia miezi mitatu. Nimepata inayofunika mwaka mzima, ikiwa na matibabu, kulazwa na kusafirishwa kurudishwa nyumbani. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika maandalizi haya, ukiacha tiketi. Sijaona mahali pa kubana matumizi hapo.

Jioni nimetuma ombi. Fomu ni ya mtandaoni, unapakia pasipoti, picha, barua, taarifa za benki, bima, tiketi na mahali pa kufikia. Nimeyapa mafaili majina yanayoeleweka, kila moja na namba yake, kwa mpangilio uleule wa orodha yao.

Mwisho wa Mei, Alhamisi

Barua ya kukubaliwa imeingia nikiwa katikati ya manukuu ya filamu ya nyuki. Nimemaliza nyuki kwanza, ndipo nikaisoma vizuri. Inasema niionyeshe kwa uhamiaji nitakapofika. Nimeichapa nakala za akiba, na moja nimemwachia mama.

Juni, Jumapili

Uwanja wa ndege wa Morisi uko kusini mashariki, karibu na mji wa Mahébourg, na una jina la Sir Seewoosagur Ramgoolam, waziri mkuu wa kwanza baada ya uhuru wa tarehe 12 Machi 1968. Ukishuka unakutana na dawati la afya kabla ya uhamiaji. Wameangalia cheti changu cha homa ya manjano, wameniuliza nimetoka wapi, na waliposikia natoka nchi yenye malaria wameandika anwani yangu na namba ya simu kwa uangalifu uliozidi ule wa uhamiaji wenyewe.

Afisa wa uhamiaji, mama mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, kasoma barua, kaniuliza nafanya kazi gani na nani ananilipa. Nimejibu kwa sentensi mbili nilizokuwa nimezipanga kwenye ndege. Kauliza tiketi ya kurudi, kaiona, kagonga muhuri wa mwaka mzima. Kisha kaniuliza kwa Kiingereza kama manukuu ndiyo yale maneno yanayowahi kutoweka kabla hujamaliza kusoma. Nimemwambia ndiyo, na kwamba mimi nahangaika yasiwahi. Kacheka kwa sauti.

Barabara kuu inayopanda kutoka uwanjani kwenda katikati ya kisiwa imepita ndani ya miwa. Msimu wa kuvuna ndio unaanza sasa, na malori yaliyojaa miwa yanatambaa upande wa kushoto, maana hapa gari zinakwenda kushoto kama kwetu. Katikati ya mashamba kuna marundo ya mawe meusi ya volkano, mengine yamepangwa kama piramidi fupi. Mawe hayo yaliondolewa kwa mikono ili miwa ipandwe. Nimeyatazama mpaka yakaisha.

Jumatatu

Nimepanga Quatre Bornes, mji wa nyanda za juu. Wengi wanaokuja kwa viza hii hukimbilia Grand Baie kaskazini au Tamarin na Flic en Flac magharibi, kwenye mchanga mweupe. Siwalaumu. Ila mimi nafanya kazi kwa masikio: ninasikiliza sentensi moja mara kadhaa kutafuta pumzi ya msemaji ilipo. Nahitaji utulivu, kibaridi, na usafiri usiotegemea gari langu mwenyewe. Quatre Bornes ina treni ya umeme, Metro Express, inayoteremka mpaka Port Louis upande mmoja na kupanda mpaka Curepipe upande wa pili, na mlima Corps de Garde umesimama nyuma ya nyumba.

Nimepata chumba, sebule na jiko, vyenye samani, kwa rupia 18,000 kwa mwezi. Kwa sasa dola moja ni kama rupia 45. Mwenye nyumba ni mjane wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Matant, na mimi nimeanza kumwita hivyohivyo, kama ambavyo ningemwita shangazi nyumbani. Soketi za ukutani ni zilezile za pini tatu za mraba, kwa hiyo chaja zangu zimeingia bila kigeuzio.

Ndiye Matant aliyenieleza kwa nini miji hii ya juu ipo. Mwaka 1867 malaria iliivamia Port Louis na kuua watu kwa makumi ya maelfu. Waliojiweza walipanda milima wakifuata baridi na kukimbia homa, na Curepipe na jirani zake zikakua kutokana na hofu hiyo. Babu wa babu yake alikuwa fundi seremala aliyekuja kuwajengea. Sasa naelewa kwa nini lile dawati la uwanja wa ndege liliniuliza maswali mengi.

Jumanne

Intaneti. Video ninazopokea ni nzito na ninazorudisha ni nzito zaidi, kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi kwenye mkataba wa nyumba nilikuwa nimeshaomba nipimiwe kasi ya kupakia. Watu wengi huuliza kasi ya kupakua tu, na wauzaji ndiyo wanayoitangaza. Mtu anayetuma kazi anapaswa kuuliza ya kupakia.

Nyumba ina faiba, kama zilivyo nyumba nyingi kisiwani. Kinachonivutia zaidi ni kilichoko chini ya bahari. Kisiwa kilichojitenga hivi, Madagaska yenyewe ikiwa mbali upande wa magharibi, kinaishi kwa mikongo ya intaneti: SAFE iliyoanza kazi mwaka 2002 ikiunganisha Afrika Kusini na Asia, LION ya mwaka 2009 inayokwenda Réunion na Madagaska, na METISS ya mwaka 2021 inayokwenda Afrika Kusini kwa njia nyingine. Mkongo mmoja ukikatika kuna pa kupitia. Nilipokuwa nachagua kisiwa, hilo nililitazama kabla ya kutazama picha za fukwe, na kwa kazi yangu sioni namna nyingine ya kuchagua.

Nimenunua pia laini ya simu ya kampuni tofauti na ile ya faiba, kwa akiba. Mchana nimetuma faili la kwanza Ujerumani. Limefika kabla chai haijapoa.

Saa za hapa zimetangulia za Afrika Mashariki kwa saa moja. Wajerumani wako nyuma yangu kwa saa mbili wakati huu wa kiangazi chao, kwa hiyo asubuhi yangu ni yangu mwenyewe, hakuna anayepiga simu. Kanada ndiko kazi iliko: wao wakiingia ofisini, hapa jua linatua.

Alhamisi

Mlango umegongwa, na aliyesimama nje ni kijana wa idara ya afya mwenye begi la kamba. Amekuja kwa ajili yangu. Kila mgeni au mwenyeji anayetoka nchi yenye malaria hufuatiliwa mpaka nyumbani na kupimwa damu, ajisikie mgonjwa asijisikie.

Kakaa kwenye kiti cha barazani, kafungua begi, kanisafisha kidole cha pete kwa pamba yenye spiriti, kanichoma. Tone la damu kaliweka juu ya kioo, kalisambaza kwa kona ya kioo cha pili mpaka likawa duara jembamba, kaliacha likauke huku akiandika jina langu, yote matatu, kwenye daftari. Kaniuliza kama nimepata homa, kama nitasafiri tena. Hakuna senti iliyoombwa. Kaniachia namba ya kupiga nikipata homa, akasisitiza nipige usiku au mchana.

Nimemuuliza kama hachoki kufuatilia watu wazima nyumba kwa nyumba. Kajibu kwamba kisiwa kilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa hakina malaria mwaka 1973, na mwaka 1975, baada ya kimbunga, malaria ikarudi. Ikachukua zaidi ya miaka 20 kuitoa tena. Sasa hawaachii.

Nimebaki barazani na kidole changu nikiwaza. Nimepoteza ndugu kwa malaria, na nimeiugua mara nisizoweza kuhesabu. Nimezoea kuisikia ikitajwa kama mvua, kitu kinachokuja tu. Hapa kuna nchi inayomtuma mtu kwa miguu mpaka mlangoni kwa ajili ya tone moja la damu. Ndani ya kila kitu nilichokiona Morisi mpaka sasa, hiki ndicho ningependa viongozi wetu waje wakitazame.

Jumamosi

Treni mpaka Port Louis. Soko kuu limejaa nyanya, lichi bado hazijaingia, na nje ya lango kuna mistari ya watu wakingoja dholl puri, mkate mwembamba wa dengu unaokunjwa na kujazwa maharage na kachumbari ya pilipili. Unakula umesimama. Nimekula, nikarudi kwenye mstari.

Nimekwenda Aapravasi Ghat, bandarini. Ndipo waliposhukia wafanyakazi wa mkataba kutoka Bara Hindi baada ya Uingereza kukomesha utumwa. Kati ya mwaka 1834 na miaka ya 1920 mwanzoni walipita hapo karibu watu nusu milioni, wengine wakabaki Morisi, wengine wakapelekwa mbele zaidi. UNESCO ililiweka eneo hili kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kilichobaki ni ngazi za mawe, vyumba vichache na misingi. Ni padogo sana kwa idadi hiyo ya watu.

Nimesimama muda mrefu mbele ya picha. Wafanyakazi walipigwa picha na kupewa hati zenye namba, na baada ya sheria ya mwaka 1867 aliyekutwa barabarani bila hati yake aliweza kukamatwa. Wanatazama kamera moja kwa moja. Mwanamke mmoja kashika ukosi wa nguo yake kwa ngumi.

Mimi pia nimekuja na hati ya kazi yenye picha na namba. Lakini yangu niliiomba mwenyewe, naweza kuivunja kesho na kupanda ndege, na hakuna askari atakayeniuliza nimelala wapi jana. Sitaki kuyalinganisha mambo haya mawili kijuujuu. Nataka tu kukumbuka, kila nitakaponung'unikia fomu, kwamba hapa kazi na karatasi viliwahi kumaanisha kitu kizito kuliko usumbufu.

Jumapili

Le Morne, kusini magharibi. Mpwa wa Matant alikuwa akienda upande huo na kanipa lifti. Mlima unapanda wima mita 556 kutoka rasi, na watumwa waliotoroka mashambani walijificha kwenye mapango na vilele vyake. Uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008. Chini yake kuna bustani yenye mnara na sanamu za kukumbuka njia za watumwa.

Mtu wa pwani yetu hawezi kuja hapa kama mtalii tu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivi. Kilwa hiyohiyo ya magofu na msikiti tunaoujivunia vitabuni. Walioletwa kutoka Kilwa na Msumbiji walikata miwa, walibeba mawe, na waliacha ngoma ambayo watoto wa hapa wanaipiga hadi leo, ravanne, inayowambwa ngozi ya mbuzi na kupashwa moto kabla ya sega, muziki na dansi ya kisiwa hiki.

Mpwa wa Matant, ambaye nywele na pua yake vinasema yote, kaniuliza kama nasikia undugu wowote kwenye sega. Niliusikia kwenye mpigo wa mguu kabla hajamaliza kuuliza. Tumekaa hapo kwenye nyasi akanipigia sega iliyo kwenye simu yake, na mimi nikamchezea ngoma za kwetu za msondo, na tukakubaliana bila kubishana sana.

Jumatano

Ébène, mji wa minara ya vioo uliojengwa katikati ya mashamba ya miwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kampuni za teknolojia. Nimelipia siku moja kwenye ofisi ya pamoja ili nikutane na wenzangu wa viza hii. Nilikuwa na swali moja: kodi. Nimekutana na mhasibu mstaafu kutoka Ulaya anayesimamia vitabu vya kampuni za kwao, na kanisaidia kuzisoma kanuni za Mamlaka ya Mapato ya Morisi mstari kwa mstari.

Ukikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka wa kodi, unahesabiwa mkazi kwa mambo ya kodi. Kwa mwenye viza hii, kinachotozwa ni pesa anazoziingiza Morisi. Matumizi anayoyafanya kwa kadi ya benki ya nje hayahesabiwi kuwa pesa zilizoingizwa. Akihamisha pesa kwenye akaunti ya benki ya hapa, hizo zinahesabiwa, isipokuwa aonyeshe zimeshalipiwa kodi zilikotoka. Viwango vipya vinaanza Julai hii, vinapanda ngazi kwa ngazi mpaka asilimia 20.

Basi nimeamua kodi ya nyumba nimlipe Matant kwa pesa ninazozitoa kwa kadi yangu ya nyumbani, na risiti za kodi ninayolipa kwetu nazihifadhi kwenye faili moja na barua ya viza. Wengi hulikimbia somo hili kwa sababu linachosha. Mimi ningependa kulijua mwanzoni mwa mwaka kuliko kuulizwa mwishoni.

Ijumaa

Mpwa wa Matant kaja jioni akiwa na wazo. Rafiki yake ana nyumba ya wageni Blue Bay na katengeneza video ya kuitangaza. Anataka manukuu ya Kiingereza na Kifaransa, na hata ya Kiswahili, maana wageni wa Afrika Mashariki wanaongezeka. Yuko tayari kunilipa rupia taslimu, vizuri tu.

"Dada, ni video ya dakika nne. Nani atajua?"

Nimemjibu kwamba nitajua mimi, na kwamba ndiyo sharti nililoliwekea sahihi. Mteja akiwa wa Morisi, kazi ni ya Mmorisi. Alinyamaza kidogo, nikaona hakukasirika. Kamtaja binti wa jirani aliyemaliza chuo kikuu kule Réduit, anayetafsiri Kifaransa vizuri na hana kazi ya kueleweka. Nimemwambia amlete.

Binti kaja na daftari. Tumekaa mezani mpaka usiku, nikamwonyesha programu ninayotumia, ambayo ni ya bure, na jinsi ya kugawa sentensi ili mstari usikatike kati ya jina na sifa yake. Jicho la msomaji halipendi kuachwa linaning'inia na nusu ya wazo. Nikamwonyesha pia kwamba maneno yaingie pamoja na pumzi ya msemaji na yabaki kidogo baada ya sauti kuisha. Ana sikio zuri sana. Kiswahili sikumfundisha wala sikukiandika. Mwenye nyumba ya wageni atapata manukuu ya Kiingereza na Kifaransa kutoka kwa binti huyo, na bei wataipanga wao.

Julai, Jumatatu

Matant kanitembeza nyumba nzima akinionyesha vifunga vya madirisha. Vimbunga ni vya Novemba mpaka Aprili, na yeye anaanza kujiandaa mapema kuliko serikali. Tahadhari hutolewa kwa madaraja manne. La nne likitangazwa, maana yake upepo wa kilomita 120 kwa saa umeshafika. Mtu hatoki mpaka redio imruhusu, na umeme unaweza kukatika kwa siku kadhaa.

Hilo limebadilisha namna nitakavyopanga kazi. Leo nimewaandikia wateja wangu wote barua fupi: kuanzia Novemba mpaka Aprili nitatoa kazi siku mbili kabla ya tarehe tuliyokubaliana, na wakiona kimya kisicho cha kawaida waangalie habari za hali ya hewa za Bahari ya Hindi kabla ya kumpa kazi mtu mwingine. Wajerumani wamejibu ndani ya saa moja na kuniomba niwatumie tarehe mpya za mradi wa Desemba. Kwenye kalenda nimeandika pia mwezi wa kuomba kuongezewa viza, miezi miwili kabla haijaisha, kwa sababu jedwali langu la ankara litahitaji kujazwa upya na barua ya Kanada huchelewa siku zote.